Mwenzetu Yuko Ikulu

Julai 1995, habari ilipotoka Dodoma kwamba Mkutano Mkuu wa CCM umempitisha Benjamin Mkapa kugombea urais, chumba chetu cha habari kilipiga makofi. Si kwamba tulikuwa wana-CCM. Wengi tulikuwa vijana wa magazeti binafsi, watoto wa vyama vingi, na nusu ya chumba ilimshabikia Augustine Mrema wa upinzani bila kificho. Tulichoshangilia ni kwamba mtu aliyewahi kukaa na kalamu nyekundu mezani, akasubiri telex usiku na kugombana na mafundi wa mitambo, alikuwa anaelekea kuwa rais. "Mwenzetu!" alipiga kelele jamaa mmoja wa dawati la michezo, na wengine wakaitikia. Palepale tukaanza kugawana neema ambazo hazijafika: sheria mbaya za magazeti zitafutwa, milango ya Ikulu itafunguka, wakubwa watapokea simu zetu.

Mhariri msanifu mkuu, mzee aliyeianza kazi enzi za herufi za risasi, hakuinua hata macho. "Huyo si mwenzenu," alisema. "Huyo alikuwa bosi. Msichanganye mambo."

Nimekaa kwenye magazeti zaidi ya miaka thelathini, mingi yake nikisanifu habari za wenzangu, na nimepitisha chini ya kalamu yangu uchambuzi mwingi wa siasa. Sijakutana na uliomshinda mzee yule kwa ufupi na kwa usahihi. Kila ninapomsikia mwandishi kijana akisema anataka kwenda kugombea, au wananchi wakisema heri tuchague mwanahabari kwa kuwa anajua shida zetu, huwa nawarudisha kwenye swali lililokuwa ndani ya jibu lile: huyo mwanahabari alikalia kiti gani?

Cha Mkapa kinajulikana. Alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, Novemba 12, 1938. Alipita Ndanda, seminari ya Kigonsera na Pugu, akaenda Makerere na kutoka mwaka 1962 na shahada ya Kiingereza. Akafanya kazi serikalini, kwanza kama ofisa tawala kisha mambo ya nje. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 27, alikabidhiwa uhariri mtendaji wa magazeti mawili ya TANU, The Nationalist la Kiingereza na Uhuru la Kiswahili. Waandishi wengi huanzia mahakama ya mwanzo, wakiandika kesi za wezi wa kuku na kulipwa kwa inchi. Yeye aliingia kupitia mlango wa juu, kwa uteuzi, na waliomteua ndio walioshika nchi.

Na kiti chenyewe kilikuwa kimekwisha kubadilika. Mwaka 1958 Julius Nyerere alisimamishwa mahakamani na serikali ya kikoloni kwa maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Wakati ule kuandika katika gazeti la chama ilikuwa ni kujipeleka kizimbani. Miaka minane baadaye gazeti la chama lilikuwa gazeti la wenye nchi. Mhariri wake hakuwa na sababu ya kushtuka simu ilipolia usiku, maana waliopiga walikuwa jamaa zake. Simlaumu Mkapa kwa hilo. Hata mimi ningekikalia kiti kile kwa furaha. Nasema tu kwamba kinafundisha mambo yake, na kuna mengine hakiwezi kumfundisha mtu.

Anayetaka kuona tofauti amtazame Frene Ginwala. Februari 1970 serikali ilipolitaifisha gazeti la The Standard, Nyerere alimpa uhariri mama huyu wa Afrika Kusini, mwanachama wa ANC aliyekuwa uhamishoni. Gazeti liliahidiwa kwamba litaunga mkono siasa ya nchi lakini litakuwa huru kukosoa vitendo. Mwaka 1971 Jaafar Nimeiri wa Sudan alipowanyonga viongozi wa kikomunisti, The Standard lilimkosoa kwenye tahariri. Nimeiri alikuwa rafiki wa Tanzania. Ginwala akaondolewa. Aprili 1972 The Standard na The Nationalist yakaunganishwa kuwa Daily News, na mhariri akawa Mkapa.

Wahariri wawili wa mji mmoja, katika kipindi kimoja. Mmoja alifukuzwa kwa tahariri, na mwingine alikabidhiwa gazeti lililotokana na lile alilofukuzwa mwenzake. Mwaka 1994 Ginwala akawa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini huru. Mwaka uliofuata Mkapa akawa Rais wa Tanzania. Ningependa sana kusema kwamba aliyefukuzwa aligeuka kuwa mtetezi asiyeyumba na aliyepandishwa akawa mkandamizaji, maana habari ya namna hiyo inajiandika yenyewe. Haikuwa hivyo. Ginwala naye alilaumiwa na baadhi ya wabunge wa chama chake mwenyewe kwamba aliegemea upande wa serikali wakati kamati ya Bunge ilipoanza kuchunguza ununuzi wa silaha. Kuonja kufukuzwa hakumpi mtu kinga.

Baada ya Daily News, njia ya Mkapa haikupinda popote. Mwaka 1974 akawa Mwandishi wa Habari wa Rais. Mwaka 1976 akawa mkurugenzi mwanzilishi wa SHIHATA, Shirika la Habari Tanzania, na mwaka huohuo, kwa bahati au si kwa bahati, ikapitishwa Sheria ya Magazeti iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa tangazo. Akaenda Nigeria kuwa Balozi, akarudi 1977 kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Uwaziri wa habari aliushika mara mbili, mwanzoni mwa miaka ya 1980 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katikati kulikuwa na Canada, Marekani, Mambo ya Nje tena, na ubunge wa Nanyumbu kuanzia 1985. Watu husema Mkapa aliacha uandishi akaingia siasa. Mimi siuoni mwaka alioacha wala mwaka alioingia. Mtu mmoja aliendelea na kazi moja, akibadilishiwa ofisi.

Dodoma alishinda kwa taabu. Duru ya kwanza Jakaya Kikwete alimwacha nyuma, kura 534 kwa 459, Cleopa Msuya akiwa wa tatu. Katika marudio Mkapa akapata 686 dhidi ya 639. Nyerere alizunguka nchi nzima kumnadi, akimtangaza kuwa msafi, na Oktoba akapata karibu asilimia 62.

Sasa niseme aliyoyachukua kwenye chumba cha habari akaenda nayo Ikulu, maana si haba. Kila mwisho wa mwezi alilihutubia taifa kwa redio. Kwa sisi wa dawati la usanifu hiyo ilikuwa siku ya kuchelewa kula. Mmoja alikaa na kaseti, mwingine akaandika kwa mkono, mimi nikashikilia nafasi ya ukurasa wa kwanza huku chumba cha mitambo kikinitishia. Nilisanifu hotuba za wakubwa wengi, na kazi ya kawaida ni kuzitafutia habari iliyozikwa aya ya kumi na saba, chini ya salamu kwa mkuu wa mkoa, mwenyekiti wa chama, masheikh na maaskofu. Hotuba za Mkapa hazikuhitaji kuchimbuliwa. Zilikuwa ndefu, kavu kidogo, lakini zilikuwa zimepangwa na mtu anayejua aya ni nini. Makusanyo ya kodi yalikuwa kiasi gani, deni la nje ni kiasi gani, kwa nini shirika fulani linauzwa, wahisani wanataka nini. Aliwaeleza wananchi uchumi wa nchi yao kwa namna ambayo sijaona ikirudiwa vizuri hivyo. Ukimpunguzia sentensi tatu, unagundua umevunja hoja.

Na alijua kuchagua habari ya ukurasa wa mbele. Aliamua kwamba habari kubwa ya miaka yake kumi ni hesabu za serikali, na nyingine zote zitakwenda kurasa za ndani. Mamlaka ya Mapato ilianza kazi Julai 1996. Mfumuko wa bei uliokuwa takriban asilimia 27 alipoingia ulishuka hadi chini ya asilimia 5 kabla hajatoka. Mwaka 2001 Tanzania ilifikia hatua ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni, na mwaka huohuo ada ya shule za msingi ikafutwa. Mashirika yakauzwa moja baada ya jingine, hata Benki ya Taifa ya Biashara. Wenye nyumba za habari tuliitambua tabia hiyo: mhariri anayekata bila huruma, asiyesikiliza mwandishi anapolia kwamba aya yake nzuri imefyekwa. Tatizo ni kwamba waliofyekwa safari hii walikuwa wafanyakazi wenye watoto shuleni, na mhariri mkali hana mazoea ya kumfuata mwandishi nyumbani kuuliza amelalaje.

Kwetu sisi waandishi alikuwa mkali zaidi. Hakuficha kwamba anatuona wavivu wa kusoma. Lilikuwa lalamiko la kawaida mjini kwamba Rais huwapa mahojiano waandishi wa nje na kuwaacha wa nyumbani wakipanga foleni. Wenzangu walinuna. Mimi, nikiwa na rundo la habari zao mbele yangu, nilielewa upande wake kuliko nilivyopenda kukiri. Tulikuwa na makanjanja wengi. Kulikuwa na bahasha za kaki zilizogawiwa mwisho wa kila semina, na kulikuwa na vichwa vya habari vilivyoandikwa kabla ya habari. Mhariri wa zamani akilifungua gazeti letu asubuhi lazima mkono ulimwasha kutafuta kalamu.

Lakini rais akipata mwasho huo, kalamu anayoishika ni nyingine. Mwaka 1998 magazeti kadhaa ya udaku yalifungiwa, kwa Sheria ileile ya 1976. Watu wengi waliona sawa tu, maana magazeti yenyewe yalikuwa ya aibu. Lakini sheria ikishazoea kufungia gazeti la aibu haipotei njia ikitafuta gazeti la heshima. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu si raia wa Tanzania. Huyu alikuwa amekwisha kuwa mbunge, alikuwa mwandishi anayesomwa kuliko wengi wetu, na aliongoza kampuni iliyochapa Rai, gazeti lililokuwa halimpi Mkapa usingizi. Baadaye aliupata tena uraia wake. Sisi tuliobaki mezani tulilipata somo bila kuandikiwa: unaweza kuamka asubuhi na kalamu yako, ukalala bila nchi.

Na ile SHIHATA aliyoianzisha 1976 ilifungwa katika utawala wake. Hoja zilikuwepo, shirika lilikuwa limechoka, na katika soko la magazeti binafsi nani angenunua habari za serikali? Ila sikumsikia mwandishi yeyote akilia, na hilo lenyewe linasema kitu kuhusu jinsi tulivyolitumia shirika lile na jinsi lilivyotutumia.

Haki ielezwe yote. Alipotoka 2005 kulikuwa na magazeti, redio na televisheni nyingi kuliko alipoingia. Mwananchi lilianza 2000. Tuliandika kuhusu rada iliyonunuliwa Uingereza, tukaandika kuhusu ndege ya Rais, na tulirudi nyumbani jioni. Alipostaafu tukaandika kuhusu biashara zake na mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira kwa mdomo ambao labda tusingekuwa nao angekuwa bado madarakani. Wapo marais wa jirani waliowatendea wanahabari mabaya zaidi, na hawakuwahi kuhariri hata jarida la shule.

Jambo ambalo mimi hulirudia nikiwa peke yangu ni Januari 2001. Tarehe 26 na 27 wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF waliandamana Zanzibar kudai uchaguzi wa 2000 urudiwe, na vikosi vya usalama vikawafyatulia risasi. Pemba ndiko kulikuwa na vifo vingi zaidi. Shirika la Human Rights Watch baadaye liliandika kwamba waliouawa hawakupungua 35. Zaidi ya watu 2,000 walipanda majahazi na mitumbwi wakavuka hadi Shimoni, pwani ya Kenya; kwa mara ya kwanza nchi iliyojisifu kupokea wakimbizi ikawa inatoa wakimbizi.

Usiku ule kazi yangu ilikuwa namba. Mwandishi wetu wa Unguja alikuwa na namba yake, simu za Pemba zilikuwa zinakatika, taarifa ya serikali ilikuwa na namba ndogo na maneno makubwa. Kila nilipoandika kichwa cha habari ilinibidi nikifute. Kwenye magazeti kuna mbinu ya zamani ya kuweka namba ya serikali katika kichwa na namba ya mwandishi wako katika aya ya nne, ili ukiulizwa uwe na pa kujishikiza. Mhariri wetu aliikataa mbinu hiyo. Akasema kama hatuna hakika ya namba, kichwa kiseme watu wameuawa, basi, na namba zote mbili zikae pamoja katika aya ya kwanza kila moja na mwenyewe. Tukafanya hivyo. Gazeti likatoka likiwa limechelewa, na magari ya Morogoro na Tanga yakaondoka mchana.

Nilijiuliza usiku ule, na nimeendelea kujiuliza, kama Rais wetu alikuwa amewahi kukaa mahali nilipokuwa nimekaa. Namaanisha mahali ambapo serikali inakupa namba na wewe una sababu ya kuikataa. Katika The Nationalist, katika Daily News, katika SHIHATA, taarifa ya serikali ndiyo ilikuwa mwanzo wa habari. Mtu aliyelelewa hapo anaweza kuwa msomi, mwandishi hodari, mwenye Kiingereza cha Makerere kisicho na mkwaruzo, na bado asijenge ule msuli mmoja wa kuishuku ripoti iliyoletwa na watu wake mwenyewe. Msuli huo ndio alioutaka zaidi wiki ile, na kiti chake hakikuwahi kumpa zoezi.

Oktoba ya mwaka huo CCM na CUF wakasaini Muafaka, makubaliano ya kumaliza mgogoro ule. Na Novemba 2019, akitimiza miaka 81, Mkapa alizindua kitabu cha maisha yake, My Life, My Purpose, ambamo aliandika kwamba mauaji yale yalibaki kuwa doa katika urais wake. Wanasiasa wetu wengi hufa bila kuandika sentensi kama hiyo, kwa hiyo namvulia kofia. Naongeza tu, kwa ukorofi wa dawati la usanifu, kwamba habari ilichelewa miaka kumi na minane, na kwamba wajane wa Pemba hawakuwa wakihitaji kitabu kuijua. Miezi minane baadaye, Julai 24, 2020, alifariki Dar es Salaam, akazikwa Lupaso.

Wapo waliotoka kwenye kiti kingine. Abdulrahman Babu alihariri ZaNews kule Unguja na Waingereza wakamfunga kwa uchochezi mwaka 1962. Akawa waziri, akawekwa kizuizini na serikali ya nchi huru mwaka 1972, akatoka 1978, na akaishia kuandika makala hadi alipofariki London 1996. Kwake siasa ndiyo iliyokuwa safari ya katikati. Said Kubenea wa MwanaHalisi alimwagiwa tindikali mwaka 2008 na gazeti lake likafungiwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2015 wananchi wa Ubungo wakampeleka bungeni kwa tiketi ya Chadema. Mwaka uliofuata, yeye akiwa ndani ya Bunge lile, ikapitishwa Sheria ya Huduma za Habari iliyochukua nafasi ya ile ya 1976 na kuleta leseni za magazeti. Upinzani haukuwa na kura za kuizuia. Mwandishi akiingia bungeni hugundua kwamba hoja nzuri na kura nyingi ni vitu viwili, na kwamba kule hakuna mhariri wa kumwambia spika aya hii haina ushahidi.

Huyo ni Mkapa na hao ni wakubwa. Niliowaona kwa karibu ni wadogo, na ndio walionifundisha mengine. Mwaka 2005 rafiki yangu mmoja wa dawati la siasa alichukua fomu ya ubunge huko kwao. Ilikuwa enzi za takrima, maana marekebisho ya sheria ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, na Mahakama Kuu ilikuwa bado haijayafuta. Ilikuja kuyafuta Aprili 2006. Rafiki yangu alikuwa ameandika dhidi ya takrima kwa miaka mitano, tena kwa makali. Nilimsindikiza kijijini kwa likizo yangu. Siku ya pili nikamkuta nyuma ya nyumba ya mjumbe mmoja, akihesabu sukari.

"Kaka, usiniangalie hivyo," aliniambia. "Nisipotoa, watasema mjini nilikuwa sina kazi."

Sukari sikuishangaa sana. Kilichonishtua ni kwamba alikuwa bado na kitambulisho cha uandishi mfukoni, na kila jioni alituma habari za kampeni ya jimbo lile gazetini, akijitaja kwa nafsi ya tatu. "Mgombea huyo alishangiliwa na umati." Nilikuwa nimezisanifu mwenyewe kabla sijasafiri. Wapinzani wake hawakutukanwa katika habari zile. Walipewa aya moja moja, za chini. Alikuwa mwandishi mzuri, alijua jinsi ya kumfuta mtu bila kumgusa.

Alishinda. Mwaka wa kwanza tulipata habari nyingi kutoka kwake: nani kagombana na nani kwenye kamati, ripoti gani imefichwa. Tukajiona tumepata. Mwaka wa pili simu zikaanza kwenda upande wa pili. Kwanza alitaka kujua habari fulani imetoka kwa nani. Kisha akawa anashauri, kwa lugha ya nyumbani, kwamba habari fulani "haijaiva". Aliijua saa ya kufunga gazeti, kwa hiyo alipiga nusu saa kabla, wakati mtu hana nafasi ya kubishana na mwenye cheo. Mbunge aliyekuwa mwalimu au mfanyabiashara hupiga simu asubuhi, akiwa amekasirika, gazeti likiwa limekwisha kuuzwa. Yule wa kwetu alijua mlango wa nyuma uko wapi na unafungwa saa ngapi.

Hilo ndilo naona hatulisemi tunapowapigia makofi wenzetu wanaokwenda siasani. Tunadhani wanakwenda na mapenzi ya kazi yetu. Wanakwenda na ramani yake. Wanajua mhariri gani ana mkopo, gazeti gani linategemea matangazo ya serikali, mwandishi gani anasubiri kuteuliwa ofisa habari wa wilaya. Mkapa alikuwa na ramani hiyo ya nchi nzima tangu 1966. Nikitazama nyuma naona kwamba hakuitumia sana kutuvizia. Alichagua kutudharau waziwazi, na dharau ya wazi, kwa uzoefu wangu, inaacha nafasi ya kupumua kuliko urafiki wa nusu saa kabla ya mitambo. Hata pale Jangwani Agosti 2015, mzee wa karibu miaka 77, alipopanda jukwaani na kuwaita wapinzani "wapumbavu na malofa", magazeti yaliyachapa maneno hayo kwa herufi kubwa, wapinzani wakayageuza kuwa utani wao, na nchi nzima ikajua alichosema. Lilikuwa neno baya, tena la mtu aliyejua uzito wa maneno. Lakini lilisemwa mbele ya vipaza sauti.

Kuna binti mmoja, mwandishi wa habari za halmashauri, ambaye hupita kwangu Jumapili. Alikuja kuniaga kwamba anachukua fomu ya udiwani.

"Shikamoo baba. Nimekuja kuchukua baraka."

"Marahaba mwanangu. Kabla ya baraka, habari yako ya mwisho iliyokataliwa ilikataliwa na nani?"

Alifikiri kidogo. Akasema ni habari ya zabuni ya taka katika soko moja, iliyowekwa kando kwa sababu mzabuni alikuwa mtoa matangazo. Hakugombana. Aliendelea kukusanya stakabadhi, akawahoji wazoa taka wenyewe, na gazeti jingine likaichapa bila jina lake na bila malipo.

Nikamwambia achukue fomu. Nikamwambia pia kitambulisho cha uandishi akirudishe. Akacheka, akasema kinaisha Desemba, atakiacha kiishe chenyewe.

"Kampeni zinaisha Oktoba," nikamwambia. "Kirudishe kesho."